Bolti Iliyomwokoa Dereva

Tuanze na bolti, maana ndiyo inayoniharibia filamu hii kila mara. Jumapili tuliiweka tena Rasta Rockett hapa nyumbani Gasenyi (waliozoea Kiingereza wanaiita Cool Runnings), na watu walicheka hadi Wajamaika waliposhuka na kigari chao cha barafuni (bobsled) mara ya mwisho kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Calgary, 1988. Ghafla mwongozaji Jon Turteltaub anaipeleka kamera chini ya kigari: chuma kinatetemeka, bolti inalegea, Derice, dereva wa filamu, anavuta usukani wala hautii. Kigari kinapinduka, vijana hawana kosa, fundi ndiye wa kulaumiwa.

Uongo huo haukuhitajika. Anayejua mbio hizi za barafuni anajua kwamba dereva huongoza kwa kamba mbili, na kona huingiwa mapema au kwa kuchelewa; ukikosea, ukuta unakutupa. Ndivyo ilivyokuwa. Dudley Stokes, dereva halisi wa Jamaika na rubani wa helikopta wa jeshi lake, alikuwa na miezi michache tu ya kujifunza kazi hiyo. Mdogo wake Chris alikuja Calgary kama mtazamaji, akaingizwa kikosini siku chache kabla ya mashindano. Katika mteremko wa tatu walianza vizuri, kasi ikampita dereva, wakageuka chali huku helmeti zikisugua barafu. Kinachoudhi zaidi ni kwamba Turteltaub alikuwa na picha halisi za televisheni za ajali ile, akazitumia. Kazichomekea bolti yake ya kutunga, na ushahidi ukageuzwa kisingizio.

“Ni kichekesho tu, kaka,” mdogo wangu ananiambia. Najua. Mazoezi ndani ya beseni la kuogea ni mazuri, John Candy, anayeigiza kocha, ni mzuri zaidi. Lakini kichekesho cha michezo kinasimama juu ya sheria za mchezo. Tazameni Lagaan ya 2001, filamu ya Kihindi ya kriketi: mpira wa mwisho unaamuliwa na kosa la mrushaji na mguu wa nahodha uliovuka mstari. Hakuna chuma kilicholegea pale. Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hili: klabu yetu ya Vital'O ilipopoteza fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Africa Sports ya Ivory Coast mwaka 1992, kila kijiwe cha Bujumbura kilikuwa na bolti yake.

Niliwahi kusema, na nitasema tena: filamu bora ya aina hii bado haijatengenezwa, na iko hapa kwetu. Mkimbiaji wetu Dieudonné Kwizera alikosa Olimpiki ya 1988 na ya 1992 kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Alikwenda Atlanta 1996 kama kocha. Vénuste Niyongabo, tishio la mita 1,500, akamwachia Kwizera nafasi yake, mwenyewe akahamia mita 5,000, mbio alizokuwa amekimbia mara mbili tu maishani. Akamzuia Paul Bitok wa Kenya hadi mstarini, 13:07.96, dhahabu ya kwanza ya Burundi. Kwizera alitolewa kwenye mchujo. Hakuna aliyehitaji kumtafutia sababu. Mtu aliyesubiri miaka minane, akakimbia, akashindwa, anatosha kutuchekesha na kututoa machozi.

Hata ule mwisho wa Rasta Rockett wa kubeba kigari mabegani ni chumvi, maana walitembea kando yake kikisukumwa, lakini huo nausamehe. Bolti siisamehe, kwa kuwa inamnyang'anya Stokes kosa lake, na aliyenyang'anywa kosa hana cha kurekebisha. Stokes alirekebisha. Februari 1994, miezi michache baada ya filamu kutoka, alishika kamba zake Lillehammer, na Jamaika ikamaliza ya 14, mbele ya Marekani.