Mtoto Aliyeimba Ndani ya Ngoma

Leo twakipima kitabu kilichotoka katika nchi yetu wenyewe: utenzi wa Mwindo, wa Wanyanga wa Walikale. Mwimbaji Candi Rureke aliuimba mwaka 1956. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakautoa kitabuni mwaka 1969, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza.

Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume. Basi akamfungia Mwindo ndani ya ngoma, akamtupa mtoni. Mtoto hakufa. Aliimba humo humo ndani ya ngoma.

Kitabu hiki chastahili sifa, kwa kuwa chaeleza pia jinsi utenzi unavyoimbwa. Mwimbaji hutikisa kibuyu chenye mbegu. Karibu naye vijana watatu hupiga mti mkavu uliolazwa juu ya vijiti ili uvume, nao huitikia. Mara nyingi mmoja wao ni mwanafunzi wake. Hafundishwi ubaoni, ajifunza kwa mikono yake, katikati ya wimbo.

Lakini karatasi haina sauti. Maneno tunayo, pigo lenyewe hatulisikii. Tena Kiingereza si lugha ya parokia zetu. Kwa hiyo kitabu peke yake hakiwezi kumfundisha mtoto kupiga cho chote. Faida yake ni kututuma kwa wazee wajuao.

Hapo twawauliza walimu wa kwaya: mbona watoto hukaa bencini wakikariri do-re-mi, na kugusa ngoma wamekatazwa? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulitaka muziki wa asili wa kila taifa ukuzwe shuleni na katika ibada pia. Mwalimu akiogopa ngoma kuharibika, mti mkavu na vijiti havinunuliwi. Mtoto mmoja ashike pigo, wa pili ajibu, wa tatu aongeze, wengine waitikie. Kisha wabadilishane.

Jambo hili si mchezo. Tangu mwaka 1993 vita vimerudi mara nyingi Masisi na Walikale, na watu wengi wamekimbia. Anayekimbia hawezi kubeba ngoma kubwa. Lakini pigo lililozoea mikono yake huenda naye. Wazee wakifa kabla ya kulipokeza, tutabaki na maneno ya kitabu tu. Basi wazazi na walimu, tuwaite wazee wetu, tukawape watoto vijiti mikononi.