Jina Lisemalo: Majina Mapya ya Watoto Bukoba na Muleba

Lawama husikika mara nyingi katika Bukoba na Muleba juu ya majina wanayopewa watoto wa siku hizi. Husemwa kwamba ni mageni, kama Brighton au Glory, na tena kwamba hayaonyeshi kama aitwaye ni wa kiume au wa kike. Lawama hizi ni mbili, nazo yafaa zipimwe mbalimbali, kwa kuwa moja ina haki kidogo na nyingine haina.

Tuanze na ile isiyo na haki. Ni kweli kwamba Kihaya kina alama za kutenga majina. Kokushubira, yaani wa matumaini, ni msichana. Rutashobya, asiyekosea, ni mvulana. Pacha wa kiume ni Ishengoma na Kato, wa kike ni Nyangoma na Nyakato. Lakini Kihaya hicho hicho kina jina Asimwe, maana yake “na ashukuriwe”, nalo huitwa mvulana na msichana pia. Sababu yake si uzembe wa wazazi. Asimwe ni sentensi kamili, na mtendewa wake ni Mungu, si mtoto. Jina lisilomtaja mtoto halina haja ya kutaja kama ni wa kiume au wa kike.

Zaidi ya hayo, desturi ya kuandika jina la baba au la mume baada ya jina la mtu imekwisha kuondoa mpaka huo. Wako wanawake wengi, walimu na wauguzi, waitwao Rutashobya au Rweyemamu kwa majina ya ukoo, na hakuna anayeshangaa. Basi mwenye kulaumu hulaumu katika jina la kwanza jambo alilokwisha kulikubali katika jina la mwisho.

Sasa tuutazame ugeni. Wamisionari Wakatoliki walifika Kashozi mwaka 1892, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka maparoko wahakikishe kwamba mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Ndiyo maana Kagera imejaa akina Respicius, Novatus na Deusdedit. Majina hayo yalipoingia hayakuwa na maana yoyote masikioni mwa Wahaya; leo huhesabiwa kuwa ya kwetu. Sheria ya mwaka 1983 imelegeza: yakataza tu jina lisilopatana na maadili ya Kikristo. Asimwe laweza kusimama peke yake mbele ya kisima cha ubatizo. Mlango umefunguliwa, na wazazi wengi bado wapita dirishani.

Hata hivyo tusiwahukumu haraka. Majina ya asili hayakuwa tunu tupu. Tibenderana maana yake “hawapendani”. Ni ugomvi wa watu wazima uliotundikwa shingoni mwa mtoto mchanga. Ng'ambo ya maji, huko Ukerewe, Aniceti Kitereza aliwaita watoto wa hadithi yake kuu Ntulanalwo na Bulihwali, majina ya watu waliozoea msiba: la kwanza lasema kwamba huzuni hukaa na mtu daima, la pili lauliza itakwisha lini. Kitabuni majina hayo hutusaidia kuyaelewa maisha ya wazazi. Shuleni, mtoto huulizwa kila siku maana ya huzuni asiyoijua. Mzazi anayemwita binti yake Glory huenda amekimbia mzigo wa namna hiyo, na hapo ana hoja.

Haki iliyobaki katika lawama ni hii. Jina la Kihaya, liwe la shukrani au la ugomvi, lilikuwa neno ambalo mwenyewe aliweza kulisoma. Jina lililookotwa kwa sababu lasikika vizuri halimwambii kitu juu ya siku aliyozaliwa, wala juu ya waliompokea. Lakini hasara hiyo haiji na ugeni wenyewe: Respicius aliyeelezwa habari za mtakatifu wake ana zaidi kuliko Kokushubira asiyejua Kihaya, ambaye jina lake limekuwa sauti tu.

Kwa hiyo, badala ya kumwuliza mzazi kama jina ni la kike au la kiume, la zamani au jipya, tumwulize kama ataweza kumweleza mtoto wake, atakapokuwa na akili ya kuuliza, kwa nini aliitwa hivyo. Akiweza, tusimsumbue tena.