Koklea au Konokono wa Sikio?

Istilahi "koklea" imekopwa umbo, maana ikaachwa. Asili yake ya Kiyunani ni konokono, nayo yafaa: mfereji huo wa sikio la ndani hujizungusha takriban mara 2.5, kando ya mifereji mitatu ya nusu duara iusaidiayo mwili usiyumbe. Mwanafunzi wa Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale, asomaye sekondari kwa Kifaransa, hukuta "limaçon", yaani konokono yule yule. Kiswahili cha sokoni kwake kinapoandikwa vitabuni humnyima picha hiyo. Hasara yake si ndogo. Huko kulikopiganwa Oktoba 2024, yapasa ieleweke kwamba seli za usikivu zenye vinyweleo, zikishauawa na mishindo, hazioti tena. "Konokono wa sikio" ingeeleweka upesi zaidi.