Zege Lisilo na Kokoto

Miongoni mwa sanaa tulizozirithi kwa wazee wetu wa pwani, uashi haukupata wengi wa kuusifu, ilhali kule Mtwapa, mwendo mfupi kusini mwa Kikambala, kuta za Jumba la Mtwana, zilizojengwa katika karne ya 14 kwa matumbawe na chokaa, zingali zimeikabili bahari. Nazo zimedumu, kwa rai yangu, si kwa kuwa chokaa ni imara kuliko saruji, bali kwa kuwa hazina chuma ndani yake cha kuliwa na kutu.

Ghorofa zetu hazikujaaliwa salama hiyo. Zege hustahimili kubanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi, ndipo likatiwa nondo. Na hewa ya chumvi huingia katika vitundu vilivyoachwa na maji yaliyokauka, ikaifikia nondo, nayo ikavimba kwa kutu hata zege likabanduka. Basi hasimu si bahari peke yake, bali pia yale maji ya ziada ambayo fundi huyamimina ili apate wepesi wa kukoroga.

Hapo ndipo inapodhihiri hekima ya waliobuni zege la nguvu za juu kabisa. Kokoto waliziacha, wakatwaa mchanga laini, saruji maradufu ya ile ya kawaida, na vumbi la silika litokalo katika moshi wa tanuri za silikoni, ambalo chembe zake ni ndogo kiasi cha mara 100 kuliko za saruji, hivyo kila mwanya baina ya chembe kubwa ukapata chembe ndogo ya kuuziba. Maji hayafiki hata robo ya uzito wa saruji, na lau si dawa ya kulainisha, mchanganyiko huo usingemiminika kabisa. Kisha hutiwa nyuzi fupi za chuma, takriban asilimia 2 ya ujazo, ziushike ufa kabla haujapanuka. Zege la nyumba hubeba niutoni 25 hivi kwa milimita ya mraba. Hili hupita 120, na aghalabu 150.

Kwa zege hilo lilijengwa daraja la waenda kwa miguu huko Sherbrooke, Kanada, mwaka 1997. Na mwaka 2013 Rudy Ricciotti akalivisha jumba la makumbusho la MuCEM, mjini Marseille, wavu wa zege uliotobolewa mithili ya nakshi za madirisha yetu ya kale, ukingoni mwa bahari yenye chumvi kama yetu.

Ni ghali, na halikorogwi kwa sepetu. Wala nyumba ya kawaida hailihitaji, japo saruji yenyewe husagwa hapo Vipingo. Lakini wewe ujengaye Kikambala, mwambie fundi wako apunguze maji, asitumie mchanga wa ufukweni, aifunike nondo kwa zege la milimita 50, na alimwagie maji zege hilo kwa siku 7 likisha kushika.