Mshike Mapema, Mchukue Baadaye

Ukimwomba mtu ambaye paka wake amezaa akupe mtoto mmoja, mara nyingi atakuambia umchukue upesi, angali mdogo, ili azoee mikono yako. Ushauri huu umeenea kuanzia Tanga hadi Lamu, na una ukweli nusu. Ni kweli kwamba paka huzoea watu katika wiki zake za mwanzo. Si kweli kwamba ili azoee ni lazima atengwe na mama yake. Kushikwa ni jambo moja, kuondolewa ni jambo jingine. Tunapoyachanganya tunapata paka anayeuma mikono, anayeshinda uvunguni mgeni akiingia, au anayekufa kwa kuhara kabla hajatimiza miezi mitatu.

Nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, iliyatenganisha mambo haya mawili vizuri, ndiyo maana naichambua. Paka wao alizaa watoto wanne stoo, nyuma ya magunia. Mama mwenye nyumba hakuwahamisha. Alitandika kitambaa safi, akaacha mlango wazi kiasi cha paka kupita, akawakataza wajukuu kuwagusa mpaka macho yafunguke. Amri hiyo ilikuwa sahihi. Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, macho yamefumba, na mwili wake hauwezi kujihifadhia joto. Hata kukojoa hawezi mpaka mama amlambe. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Akisumbuliwa sana katika siku hizo, mama huwabeba mmoja mmoja kwa shingo na kwenda kuwaficha darini, na huko hukua wakimwogopa binadamu.

Kuanzia wiki ya tatu amri iligeuka. Kila jioni wajukuu walikaa chini stoo, kila mmoja akampakata mtoto mmoja, akamgusa masikio, nyayo na mdomo, kisha akamrudisha kwa mama yake anyonye. Bibi naye alishika, shangazi aliyekuja kutembea akashika, fundi aliyekuja kutengeneza bati akaombwa ashike. Mikono mingi, sauti mbalimbali, na mama paka yupo palepale akitazama.

Yaliyofanyika stoo ile yaliwahi kupimwa kwa utaratibu wa kisayansi. Katika miaka ya 1980, Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, aligawa watoto wa paka katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilishikwa kila siku kuanzia wiki ya 3, la pili kuanzia wiki ya 7, la tatu halikushikwa. Baadaye alipima mambo mawili rahisi: paka atatulia kwa muda gani akipakatwa, na atachukua muda gani kumfuata mtu aliyekaa upande wa pili wa chumba. Walioanza wiki ya 3 walitulia zaidi na kumfuata mtu upesi zaidi kuliko wenzao wote. Kutokana na kazi za namna hii, wataalamu wengi huuweka muda wa kuzoea kati ya wiki ya 2 na ya 7. Hesabu wewe mwenyewe: wengi wetu humleta paka nyumbani akiwa na wiki 6 au zaidi, dirisha hilo likikaribia kufungwa. Kama alikotoka hakuna aliyemshika, umechelewa, hata kama machoni pako bado ni mdogo.

Mikono peke yake haimalizi kila kitu. Mwaka 1995 Sandra McCune alionyesha kwamba watoto wa baba jasiri na mpole huwa jasiri zaidi, ingawa baba huyo hawalei. Katika mitaa yetu baba ni shume aliyeruka ukuta usiku, hivyo katika uzao mmoja utawakuta wenye moyo na waoga, na mwoga anahitaji kushikwa zaidi.

Sasa upande wa kuondolewa. Watoto wale walibaki na mama hadi wiki ya tisa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, walichapisha uchambuzi wa taarifa za paka karibu 6,000, wakaona kwamba walioachishwa kabla ya wiki 8 walikuwa wakali zaidi. Ukiwatazama ndugu wakicheza, sababu moja unaiona. Mmoja akimuuma mwenzake kupita kiasi, mwenzake hulia na kuacha mchezo. Hivyo ndivyo paka anavyojifunza kupunguza nguvu ya meno yake. Anayeletwa peke yake akiwa na wiki tano hujifunzia kwenye vidole vya mtoto wako.

Na huyo wa wiki tano atakula nini? Kwa kawaida humiminiwa maziwa ya ng'ombe kwenye kisahani. Maziwa ya paka yana protini karibu maradufu ya yale ya ng'ombe, na tumbo lake dogo haliwezi kumeng'enya sukari yote iliyomo katika maziwa ya ng'ombe. Hapo huanza kuhara, maji huisha mwilini, na mwili wa nusu kilo hauna akiba ya kungojea kesho. Vifo vingi tunavyoviita bahati mbaya vinaanzia katika kisahani hicho.

Pale Ngamiani chakula kilianza wiki ya tano, huku wakiendelea kunyonya: dagaa waliooshwa chumvi na mchanga, wakachemshwa, wakapondwa pamoja na maji yake. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha mwilini, lazima aipate katika nyama au samaki. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuikosa huharibu macho ya paka hadi upofu, na mwaka 1987 Paul Pion wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akaonyesha kwamba huudhoofisha pia moyo. Taurini huyeyuka katika maji, kwa hiyo anayechemsha samaki na kumwaga supu anamwaga sehemu ya kile ambacho paka anakihitaji zaidi. Dagaa mzima ana faida nyingine, mifupa yake laini. Mtoto wa paka anayelishwa mnofu mtupu hukosa kalsiamu na mifupa yake huvunjika kwa kuruka kidogo tu. Ugali kidogo wa kujazia tumbo haumdhuru, ila hauwezi kuwa ndio mlo. Maini nayo yawe ya mara mojamoja, maana vitamini A ikizidi huharibu viungo.

Haja walifundishwa na karai la mchanga lililowekwa mbali na chakula, na ndani ya muda mfupi walijua. Karai lisafishwe kila siku, na mjamzito asilisafishe yeye, kwa sababu ya ugonjwa wa toksoplasma.

Minyoo huingia mapema kupitia maziwa ya mama, hivyo dawa huanza hata wiki ya 3, kwa kipimo cha daktari wa mifugo kulingana na uzito. Kwa viroboto, bibi alitumia kitana chenye meno ya karibu karibu na maji ya sabuni ya vuguvugu. Alifanya vyema. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrini, ambayo mbwa huivumilia lakini humletea paka degedege na kifo. Panadol ni hatari vivyo hivyo: ini la paka haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mkubwa.

Kasoro ya malezi haya ilikuja mwishoni. Wale wanne waligawiwa wakiwa wapole na wenye afya, lakini hakuna aliyepangiwa chanjo, na jike mmoja alishika mimba kabla ya miezi sita. Paka hubeba mimba wiki tisa tu, kwa hiyo kazi nzuri ya stoo moja ilizaa mwaka uleule watoto wengine ambao hakuna aliyekuwa akiwangoja. Chanjo za magonjwa ya paka huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 12, na hiyo ni kinga ya familia nzima, kwa kuwa paka aliyeambukizwa huuma kama mbwa. Jike afungwe kizazi kuanzia mwezi wa nne au wa tano, na dume ahasiwe.

Ukitaka mtoto wa paka, basi, mwendee mwenye paka watoto wakiwa na wiki tatu, si nane. Omba ruhusa ya kwenda kuwashika, nenda na watoto wako, peleka na dagaa za mama anayenyonyesha. Mwache wako kwa mama yake mpaka wiki ya tisa, na kabla hujambeba kwenda kwako uwe umeshazungumza na daktari wa mifugo kuhusu chanjo na kizazi.