Mwalimu wa Timu na Kalamu ya Gazeti

Kila kazi ya mwanadamu ina mwamuzi wake. Mjenzi huhukumiwa na mvua, mkulima huhukumiwa na mavuno, na mwalimu wa shule huhukumiwa na wanafunzi wake watakapokuwa watu wazima. Lakini mwalimu wa timu ya mpira wa miguu huhukumiwa kila juma mbele ya macho ya maelfu ya watu, na kesho yake hukumu ile hupigwa chapa na kuuzwa. Ndiyo maana kati yake na waandishi wa magazeti ya michezo pana ugomvi usiokwisha. Yeye asema kwamba hawa hawajui kazi. Wao wasema kwamba huyu hataki kuambiwa. Wote wawili waweza kuwa na haki, na wote wawili waweza kukosa. Basi, wasomaji wapenzi, nataka tupime shauri moja la namna hii, lililotokea katika nchi ya Ufaransa mwaka 1998, maana lina mafundisho kwa kila mtu atumiaye kalamu au ulimi kupima kazi ya mwenzake.

Mtu tunayemsema ni Aimé Jacquet. Alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha Sail-sous-Couzan. Katika ujana wake alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kuchonga chuma, huku akicheza mpira. Kisha akawa mchezaji wa Saint-Étienne, timu iliyokuwa na nguvu sana siku zile. Alipoacha kucheza akashika ualimu wa mpira, na akiwa na timu ya Bordeaux alitwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1984, mwaka 1985 na mwaka 1987. Hakuwa mgeni katika kazi hii. Mwishoni mwa mwaka 1993 akakabidhiwa timu ya taifa, nayo ilikuwa katika aibu kubwa, maana ilikuwa imefungwa na Bulgaria mjini Paris kwa bao la dakika ya mwisho, ikakosa kwenda Kombe la Dunia la mwaka 1994.

Upande wa pili lipo gazeti liitwalo L'Équipe, lililoanza kutoka mwaka 1946, na habari zake ni za michezo. Si gazeti la porojo. Mwandishi wake mmoja, Gabriel Hanot, ndiye aliyetoa wazo mwaka 1954 la kuwashindanisha mabingwa wa nchi za Ulaya, na mwaka 1955 mashindano hayo yakaanza. Gazeti lenye sifa kama hiyo likisema neno, nchi nzima husikiliza; na kwa hiyo dhamana yake ni kubwa kuliko ya mtu asemaye barazani.

Ugomvi ulianzaje? Ufaransa ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la mwaka 1998, na mwenyeji huingia bila kufuzu. Kwa muda wa miaka miwili Jacquet hakuwa na mechi za kupigania nafasi, bali mechi za kirafiki tu. Mechi ya kirafiki ni jaribio: mwalimu humweka huyu leo, kesho humweka yule, apate kujua nani afaa mahali gani. Lakini gazeti lilizihukumu mechi hizo kana kwamba kila moja ni fainali. Likasema timu yake haina furaha, haina mabao, haina umbo. Tena aliwaacha wachezaji waliopendwa na watu, kama Éric Cantona na David Ginola, akawachukua vijana kama Zinedine Zidane na Youri Djorkaeff wawe ndio msingi wa timu. Mwezi wa Mei mwaka 1998, watu walipotazamia ataje majina 22, yeye alitaja 28, akasema sita atawapunguza baadaye. Gazeti likafanya mzaha katika ukurasa wake wa kwanza, likiuliza kama Ufaransa sasa itacheza na watu 13.

Hata hapo mtu aweza kusema, haya ni maneno ya mpira. Lakini jambo halikukoma hapo. Magazetini na katika televisheni walidhihaki namna yake ya kusema, maana hakuwa fundi wa maneno, na matamshi yake yalikuwa ya shamba, si ya Paris. Wakamfanya kuwa mtu mwema asiye na akili nyingi. Wahenga wetu walisema, jogoo la shamba haliwiki mjini. Basi waandishi wale nao walimtazama kama jogoo la shamba, wakakata hukumu kabla ya alfajiri.

Mashindano yakaja. Ufaransa iliifunga Afrika Kusini mabao 3, Saudi Arabia 4, na Denmark 2 kwa 1. Paraguay ikawasumbua mpaka muda wa nyongeza, ndipo Laurent Blanc akafunga bao moja lililomaliza mchezo. Na Italia hakukupatikana bao lolote. Wakapigiana penalti, na mkwaju wa mwisho wa Luigi Di Biagio ukagonga mwamba wa juu. Katika nusu fainali Lilian Thuram alifunga mabao mawili dhidi ya Croatia, naye ni mlinzi; kabla ya siku ile hakuwahi kuifungia nchi yake, wala hakuifungia tena baadaye. Siku ya tarehe 12 Julai, katika uwanja wa Saint-Denis, Brazil ilifungwa mabao 3 kwa 0. Mawili ya Zidane kwa kichwa, na moja la Emmanuel Petit. Katika mechi saba timu ya Jacquet ilifungwa mabao mawili tu.

Gazeti lilikiri kosa lake. Mhariri wake mkubwa aliandika maneno ya kuomba radhi. Lakini Jacquet, akiwa na kombe mkononi, alisema kwamba watu wale hatawasamehe kamwe. Wahenga walinena, mwenye kovu usidhani kapoa.

Hiyo ndiyo habari, nasi sasa tuipime. Wengi husema kwamba ushindi ule ulithibitisha kuwa gazeti lilikosa katika yote. Mimi sikubali. Gazeti lilisema kwamba timu haina washambuliaji wa kutosha, na neno hili lilikuwa la kweli. Katika Kombe la Ulaya la mwaka 1996 Ufaransa ilicheza robo fainali na nusu fainali, dakika za kawaida na za nyongeza, bila kufunga bao hata moja, ikatolewa kwa penalti na nchi ya Wacheki. Katika Kombe la Dunia lenyewe, mshambuliaji wa katikati, Stéphane Guivarc'h, hakufunga bao. Na tangu walipoingia katika hatua ya mtoano, mabao yote yalitoka kwa walinzi na viungo. Basi gazeti liliuona ugonjwa. Lisichokiona ni dawa aliyokuwa akiitengeneza mganga, yaani ukuta wa walinzi ambao ungewatosha hata kama washambuliaji watakosa.

Kwa hiyo kosa la gazeti lilikuwa wapi? Naona makosa mawili. La kwanza ni kukata shauri kabla ya wakati. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kusema, "Nina hofu kwa sababu hii na hii," ni kazi halali ya mwandishi. Kusema, "Mtu huyu hafai," huku kazi yake ingali jikoni, ni kujipa cheo asichopewa. Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kuiacha kazi na kumshika mtu. Matamshi ya Jacquet hayakumzuia Thuram kufunga, wala yasingalimsaidia Di Biagio. Neno lisilohusu mpira halina haki ya kuitwa hukumu ya mpira. Ni tusi tu, hata likiandikwa kwa ufundi mkubwa.

Sasa tazameni radhi yenyewe. Gazeti liliomba radhi baada ya ushindi. Je, mkwaju ule wa Di Biagio ungaliingia, na Waitalia wakashinda hatimaye, radhi ingalikuwapo? Naona isingalikuwapo, tungalisoma kwamba waandishi walisema tangu mwanzo. Lakini tusi lingalikuwa tusi vilevile, na haki ya Jacquet ingalikuwa ileile. Heshima ya mtu haiwezi kutegemea mwamba wa goli. Radhi iliyopaswa kutolewa ni ya dhihaka, na ilipaswa kutolewa hata kama Ufaransa ingalitoka siku ya kwanza.

Wala Jacquet simwachi bila neno. Uchungu wake naufahamu, maana aliumizwa mbele ya taifa zima. Lakini asiyesamehe huchanganya pamoja waliomtukana na waliompinga kwa hoja, na hao wa pili hawakumdai chochote ila jibu. Mwalimu akizoea kumwona kila aulizaye kuwa adui, mwisho hubaki na wasifuji peke yao. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Wengine wamechagua njia ya kunyamaza. Mwaka 1982 huko Hispania, wachezaji wa Italia waliokuwa chini ya Enzo Bearzot walikataa kusema na waandishi wa kwao, wakamwachia nahodha wao Dino Zoff peke yake kazi ya kusema. Bearzot alikuwa amelaumiwa sana kwa kumchukua Paolo Rossi, aliyetoka karibuni katika adhabu ya kufungiwa miaka miwili. Na mechi tatu za kwanza zote zilikuwa sare. Kisha Rossi akafunga mabao sita na Italia ikatwaa kombe. Kunyamaza huko kuliwapa utulivu, sikatai. Lakini watu walioachwa bila habari si waandishi tu. Ni wale maskini waliokaa nyumbani wakiipenda timu yao.

Nimalize kwa kumrudia yule Gabriel Hanot. Mtu huyu alishika kalamu na timu kwa wakati mmoja: alikuwa mwandishi wa L'Équipe, tena mwenye kuiongoza timu ya taifa ya Ufaransa. Mwaka 1949 Hispania iliifunga Ufaransa mabao 5 kwa 1 palepale Paris. Husimuliwa kwamba Hanot aliandika gazetini, bila kutia jina lake, kwamba kiongozi wa timu yapasa aondoke, naye akaondoka. Wengine hucheka wakiisikia habari hii. Mimi naiona kuwa kipimo kizuri. Mwandishi na ajiulize kabla ya kupeleka karatasi yake kupigwa chapa: Maneno haya ningeweza kuyaandika juu ya nafsi yangu, nami nikayaona kuwa ya haki? Kama ni lawama ya kazi, yaandike, hata yakiuma. Kama ni kejeli tu, yafute.

Nasi tusio na gazeti tuna baraza, tuna kisima, tuna njia ya kutoka kanisani. Huko nako twawapima walimu, wazee na majirani zetu. Basi kipimo kilekile kitufae.