Andiko la Mradi kama Utanzu: Vikwazo vya Wanataaluma wa Kiswahili katika Kuwania Ruzuku za Utafiti

Ikisiri

Mijadala kuhusu uhaba wa ruzuku za utafiti katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huelekezwa zaidi kwenye kiasi cha fedha kinachotengwa. Makala haya yanauhamishia mjadala huo kwenye matini yenyewe, yaani andiko la mradi, na kulichunguza kama utanzu wenye kanuni zake za kimuundo na kimtindo. Hoja kuu ni kwamba wanataaluma wa isimu na fasihi ya Kiswahili hukwazwa na mambo matatu yanayoshikamana: lugha ya maombi, urefu wa muda wa mradi na mazingira ya kazi chuoni. Makala yanaonesha kuwa vikwazo hivyo huathiri si tu nani apate fedha, bali pia maswali gani ya kitaaluma yaulizwe. Aidha, yanabainisha kwamba baadhi ya vikwazo hivyo vimejengwa na wanataaluma wenyewe na vinaweza kubomolewa nao.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni Kiswahili kimepanda hadhi kwa kasi. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikiidhinisha kuwa lugha yake ya kazi. Hata hivyo, hadhi ya lugha na uwezo wa kuitafiti ni mambo mawili tofauti. Baraza la Utendaji la Umoja wa Afrika lilipokutana Khartoum mwaka 2006 lilizitaka nchi wanachama zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Nchini Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi kwa kutaja asilimia 2. Utekelezaji haujafikia viwango hivyo, na nchi nyingi za bara hili zingali chini hata ya ile asilimia 1.

Hicho kidogo kinachopatikana nacho kina mpangilio wa vipaumbele. Mradi wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri vya Afrika Mashariki na Kusini, ulioanza mwaka 2016, ulifadhili vituo 24 katika nyanja za viwanda, kilimo, afya, elimu na takwimu tumizi. Lugha na fasihi hazikuwamo katika nyanja hizo. Kwa hiyo, mwanataaluma wa Kiswahili anayeandika ombi huanza akiwa pembezoni. Hali hiyo imeshalalamikiwa vya kutosha. Lisilojadiliwa vya kutosha ni kile kinachotokea pale anapokaa na kuanza kuandika.

2.0 Kanuni za Utanzu na Mazoea ya Tasnifu

Swales (1990) aliuchambua utangulizi wa makala ya kitaaluma kwa kuonesha hatua tatu: mwandishi hubainisha uwanja wa utafiti, huonesha pengo lililomo, kisha hulijaza. Connor na Mauranen (1999) walipochunguza maandiko ya watafiti wa Finland waliokuwa wakiomba ruzuku za Umoja wa Ulaya, walibaini kwamba andiko la mradi lina hatua za ziada, zikiwamo kueleza manufaa ya matokeo na kuthibitisha uwezo wa waombaji. Kwa maneno mengine, pengo la maarifa pekee halitoshi. Sharti msomaji ashawishike kwamba kulijaza kuna tija, na kwamba aliye mbele yake ndiye anayefaa kulijaza.

Mwanataaluma wa Kiswahili hujifunza kuandika pendekezo katika mazingira mengine, yaani yale ya tasnifu. Huko amezoea usuli, tamko la tatizo, malengo, maswali, umuhimu wa utafiti, mapitio ya maandiko, kiunzi cha nadharia na mbinu. Mpangilio huo si mbaya. Tatizo ni kwamba baadhi ya vipengele vyake vimegeuka kuwa ada. Mfano ulio wazi ni sehemu ya umuhimu wa utafiti, ambamo ni nadra kukosa sentensi isemayo kuwa utafiti utakuwa marejeleo kwa watafiti wengine. Msimamizi wa tasnifu huipita sentensi hiyo bila swali, kwa kuwa analazimika kuisoma kazi yote na anajua shahada ndiyo lengo. Mjumbe wa jopo la ruzuku hana wajibu huo. Ana rundo la maandiko mezani, na sentensi inayoweza kubandikwa kwenye utafiti wowote haimwambii lolote kuhusu utafiti huu. Andiko linalonyofolewa katika tasnifu na kutumwa kwa mfadhili huanguka mara nyingi kwa sababu hiyo, hata pale ambapo hoja yake ya kitaaluma ni nzito.

3.0 Lugha ya Maombi

Kikwazo kinachowabana zaidi wanataaluma wa Kiswahili ni lugha ya maombi. Wito wa kimataifa wa maandiko ya miradi hutolewa kwa Kiingereza au Kifaransa. Hata CODESRIA, baraza la Waafrika wenyewe lililoanzishwa Dakar mwaka 1973, lugha zake za kazi ni Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu. Kwa upande mwingine, wapo wanataaluma waliosoma, wakaandika tasnifu zao za uzamivu na wakafundisha kwa Kiswahili kwa miongo kadhaa. Mafanikio yao katika kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taaluma ndiyo yanayowaweka nyuma pale fedha za kuiendeleza taaluma hiyo zinapowaniwa.

Inaweza kupingwa kwamba kujua Kiingereza ni sehemu ya kazi ya msomi, na kwamba watafiti wa Finland nao hawakuandika kwa lugha yao. Pingamizi hilo lina ukweli, kwani linathibitisha kuwa kanuni za utanzu huu hujifunzika. Hata hivyo, serikali na viwanda vya Finland hutumia zaidi ya asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Mtafiti wa huko anayeshindwa Ulaya ana mlango mwingine nyumbani. Mwenzake wa Dodoma au Eldoret mara nyingi hana.

Zaidi ya hayo, tatizo halimalizwi na ufasaha wa Kiingereza, kwa kuwa lipo pia katika istilahi. Mtafiti wa ushairi anayetaka kuchunguza bahari hulazimika kuchagua neno la Kiingereza linalohusu mapigo ya silabi peke yake, ilhali bahari hujumuisha vina, mizani, mpangilio wa mishororo na hata namna ya kughani. Swali lililokuwa pana huwa finyu kabla jopo halijaliona. Kinyume chake pia hutokea. Wafadhili hudai maelezo ya mabadiliko ambayo utafiti utayaleta katika jamii, na dhana hiyo hufasiriwa kwa neno "athari". Katika matumizi ya kila siku, neno hilo huandamana zaidi na mafuriko, ukame na dawa za kulevya. Mhakiki anayeulizwa riwaya aichunguzayo itakuwa na athari gani ana haki ya kusita. Kusita huko kunatokana pia na ukweli kwamba uhakiki huzaa uelewa, na uelewa haupimiki kwa miezi 24.

Lugha huamua pia nani asome. Pale ambapo jopo halina anayekijua Kiswahili, rekodi ya mwombaji hupimwa kwa machapisho ya Kiingereza, na makala zake katika majarida kama Kiswahili, Mulika au Kioo cha Lugha huhesabiwa bila kusomwa au huachwa kabisa.

Aidha, Kiswahili kimekwama kati ya makundi mawili ya ufadhili. Programu za kuweka kumbukumbu za lugha, kama ile ya lugha zilizo hatarini iliyoanzishwa mwaka 2002, hulenga lugha zenye wasemaji wachache. Kiswahili chenye mamilioni ya wasemaji hakistahiki humo, lakini pia hakina nguvu ya kiuchumi ya kuvutia ufadhili wa lugha kubwa za dunia. Njia iliyobaki ni kupitia lahaja na lugha jirani, kama vile Chimiini cha Barawa na Kimwani cha pwani ya Msumbiji. Kazi hiyo ni muhimu na inastahili kufadhiliwa. Hatari ni pale ambapo lahaja yoyote inatangazwa kuwa inakufa ili tu andiko likidhi vigezo. Hapo hitimisho hutangulia data, na wasemaji hugeuzwa kuwa ushahidi wa jambo ambalo hawajaulizwa.

4.0 Muda wa Mradi na Muda wa Taaluma

Ruzuku nyingi hudumu kwa miaka miwili au mitatu. Baadhi ya kazi za msingi za Kiswahili haziingii katika kipimo hicho. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, toleo la pili likatoka mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Kati ya toleo la kwanza na la pili ilipita miaka 23, ingawa msamiati wa siasa, biashara na teknolojia haukusubiri. Kamusi huhitaji kanzidata inayolishwa kila siku na watu wanaolipwa kila mwezi, na gharama ya aina hiyo haina nafasi katika bajeti ya mradi.

Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliofadhiliwa na Sweden, ni mfano wa kile kinachowezekana ufadhili unapodumu. Ulianza mwaka 2001, na mwaka 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania pamoja na kazi nyingine za sarufi na msamiati. Kilichouwezesha ni miaka mingi ya uwandani. Funzo lake la pili ni zito zaidi: kazi ya kuorodhesha lugha za taifa ilitegemea hazina ya taifa jingine.

5.0 Vikwazo vya Ndani

Haitakuwa haki kuwatupia wafadhili lawama zote. Chuoni, mhadhiri wa Kiswahili hufundisha madarasa makubwa, husahihisha mamia ya karatasi na kusimamia tasnifu nyingi kwa wakati mmoja. Wito wenye muda wa wiki sita humkuta katikati ya mitihani. Akifanikiwa, fedha hupitia taratibu za uhasibu na manunuzi zinazoweza kula robo ya muda wa mradi kabla ya kinasasauti kimoja kununuliwa.

Yapo pia mazoea ya wanataaluma wenyewe. Uhakiki wa fasihi umekuwa kazi ya mtu mmoja na kitabu chake, ilhali ruzuku kubwa hutaka timu. Data za uwandani hukaa makabatini mwa waliozikusanya, na mtafiti anapostaafu huondoka nazo. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Idara isiyo na hifadhi ya pamoja ya rekodi, miswada na matini haina cha kumwonesha mfadhili kama msingi wa kazi inayoombewa fedha.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaelekeza kwenye hatua nne. Kwanza, mifuko ya kitaifa ya utafiti ipokee na kutathmini maandiko kwa Kiswahili, angalau katika nyanja za lugha, fasihi na elimu. Nchini Kenya hoja hiyo ina msingi wa kikatiba, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Pili, vyama vya kitaaluma kama CHAKAMA, CHAKITA na CHAUKIDU viandae orodha ya watathmini wenye sifa, ili kisingizio cha kukosa wasomaji kiishe. Tatu, andiko la mradi lifundishwe katika uzamili kama utanzu unaojitegemea, sambamba na pendekezo la tasnifu. Nne, idara zianzishe hifadhi za pamoja za data hata kabla ya fedha kupatikana.

Hatua mbili za mwisho hazihitaji mfadhili wala sheria mpya. Zinahitaji uamuzi wa kikao cha idara. Bila hatua hizo nne, maswali kuhusu Kiswahili yataendelea kuulizwa, lakini yatakuwa yale yanayofasirika kwa urahisi, yanayokamilika kwa miaka mitatu na yanayompendeza msomaji asiyeijua lugha.